Waya ukikatika, duka la Pemba litauza?

Msimu wa karafuu ndio unaotengeneza hesabu za mwaka za biashara hapa Pemba. Fedha ambazo Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) huwalipa wakulima vituoni hazilali ndani siku nyingi. Huingia Chake Chake, Wete, Mkoani na Konde zikawa mabati, saruji, sukari, vitambaa, ada za skuli, na zaidi ya yote zikawa malipo ya madeni ya dukani yaliyokuwa yakisubiri karafuu zikauke. Siku hizo mwenye duka hana ubavu wa kumwambia mteja arudi kesho. Kesho fedha ile itakuwa imekwishaingia katika saraka ya jirani.

Ndiyo maana safari hii tunaziacha kidogo bei za mazao na kutazama bidhaa nyingine ambayo wafanyabiashara wa kisiwani wanainunua, mara nyingi bila ya kuikagua kama wanavyokagua gunia la mchele. Bidhaa hiyo ni programu ya kompyuta ya dukani. Rai ya mwandishi inasemwa mapema ili msomaji mwenye haraka asipate tabu: programu inayoshindwa kuuza kilo moja ya sukari kwa sababu seva ya mbali haijibu, haifai kununuliwa na mfanyabiashara wa Pemba, hata ikitolewa kwa bei ya kutupa.

Kwanza tueleze jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wauzaji wengi hupenda kuipita haraka sehemu hii.

Programu huwekwa katika kompyuta ya mezani, pale kaunta. Kwa macho inaonekana inafanya kila kitu yenyewe. Ukweli ni kwamba muda wote inapiga hodi kwa wengine. Ikitaka kusajili risiti, inaita seva ya mamlaka ya kodi. Ikitaka kujua kama mteja amelipa kwa simu, inaita seva ya benki au ya kampuni ya simu. Ikitaka bei mpya au hesabu ya stoo ya tawi la pili, inaita seva ya yule aliyeiuza programu, ambayo huenda iko Dar es Salaam, Johannesburg au Ulaya. Mwito wenyewe ni mfupi kuliko barua ya kuomba kazi: mimi ni duka fulani, ufunguo wangu ni huu, nimeuza kitu hiki kwa fedha hizi, nijibu. Kisha programu inasubiri.

Wazee wetu wa biashara wanaujua mwito wa namna hii. Kabla ya simu za mkononi, mwenye duka wa Wete akitaka mali ya Unguja aliandika kikaratasi, akampa mtu wa chombo, akasubiri chombo kirudi. Mambo matatu yaliweza kutokea. Karatasi ifike na mali ije. Karatasi isifike kabisa. Au karatasi ifike, mali ipakiwe na iandikwe katika deni lako, lakini habari zake zisikufikie, nawe kwa kudhani kwamba imepotea ukaandika karatasi ya pili. Hili la tatu ndilo lililotia watu hasara, na ndilo linalotia watu hasara leo. Tutalirudia.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya intaneti kukatika ni ya zamani. Kumbukumbu zetu za nyaya za baharini zinasema vingine. Unguja ilikuwa ikipata umeme wa Gridi ya Taifa kwa kebo moja iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwaka 2008 umeme huo ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi takriban miezi 3. Pemba haikuguswa na giza lile, kwa kuwa wakati huo ilikuwa bado inatumia majenereta yake ya dizeli. Ulikuwa umeme ghali, wenye kelele na moshi, lakini ulikuwa wa kwetu. Mwaka 2010 ndipo kebo kutoka Tanga, iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na Norway, ilipoanza kutuletea umeme wa gridi, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayetamani kurudi nyuma. Hata hivyo, tazama nyuma ya maduka yenye mafriza na hoteli zenye wageni. Jenereta bado lipo. Hakuna aliyelitupa kwa sababu kebo imefika. Busara hiyo ya jenereta ndiyo inayokosekana katika ununuzi wa programu.

Kwa upande wa intaneti mfano wa karibu ni wa tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili. Kebo mbili zinazohudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubaya ni kwamba njia ya kaskazini nayo haikuwa nzima, kwani Februari mwaka huo huo kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, ikiwamo ya SEACOM. Kampuni za simu zikahangaika kutafuta njia za kupitia, na huduma ikarudi kidogo kidogo. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Ukurasa huu si wa siasa na hatuingii huko. Tunachoandika ni hesabu: mwenye duka ambaye programu yake haiwezi kufanya lolote bila ya seva, siku zile zote alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Afunge, au aandike kwa kalamu kisha ajue mwenyewe namna ya kuziingiza hesabu baadaye.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni anwani ya seva. Wengi hawaliulizi. Muuzaji akijibu kwamba huduma iko "mtandaoni tu", hajajibu. Kila seva imekaa katika chumba, katika mji, na inalipiwa umeme na mtu. Mwito unaotoka Chake Chake kwenda seva iliyoko Dar es Salaam unaweza kumaliza safari yake ndani ya nchi, kwa sababu tangu mwaka 2004 kampuni za intaneti zina mahali pa kubadilishana mawasiliano ya ndani pale Dar es Salaam. Mwito unaokwenda Ulaya hauna budi kuivuka bahari. Hata seva ya Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, haiko karibu kama ramani inavyodanganya. Njia yake ya kawaida inapita chini ya bahari ile ile iliyokatika Mei 2024.

Lakini tusijidanganye kwamba seva ya Dar es Salaam inamaliza maneno. Mara nyingine seva ya ndani nayo inategemea huduma ya nje kwa kazi ndogo, kama kuhakiki nenosiri la karani au kutuma ujumbe wa simu. Waya wa nje ukikatika, seva ipo, inapumua, lakini mlango haufunguki. Na siku ambayo intaneti yote imezimwa, ukaribu wa seva haukusaidii kitu. Inayosaidia ni hifadhi iliyomo ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Hapo ndipo penye tofauti baina ya programu nzuri na mbaya, na tofauti hiyo haionekani siku ya maonyesho. Programu mbaya inafanya hivi: karani anabonyeza kuuza, programu inaita seva, skrini inaganda mpaka jibu lirudi. Likichelewa, dirisha lote linakuwa jeupe na foleni ya wateja inaanza kunung'unika. Programu nzuri inaandika mauzo kwanza katika hifadhi ya kompyuta ile ile, inachapa, inapunguza stoo, na mteja anakwenda zake. Kazi ya kupeleka habari kwenye seva inafanywa pembeni, bila ya kumsimamisha karani. Seva isipojibu, habari zinawekwa katika foleni kwa utaratibu, zikajaribiwa tena baada ya dakika, kisha baada ya dakika 5, kisha baada ya robo saa, mpaka zipokelewe. Anayeandika programu ya namna ya kwanza anamaliza kazi upesi. Ya pili inataka wiki kadhaa zaidi za kazi. Bei rahisi unayopewa mara nyingi imetokana na hizo wiki ambazo hazikufanywa.

Sasa turudi kwenye karatasi mbili. Tuseme umeuza mali ya shilingi 345,000, na kodi ya ongezeko la thamani iliyomo ni shilingi 45,000. Programu inaita seva. Seva inapokea, inaandika, inajibu, lakini jibu linapotea njiani kwa kuwa laini imeyumba. Karani haoni kitu. Anabonyeza tena. Seva, ambayo haina macho ya kujua kwamba mteja ni yule yule mmoja, inaandika mauzo ya pili. Jioni saraka ina shilingi 345,000, vitabu vya seva vina shilingi 690,000, na wewe umejiandikia kodi ya shilingi 90,000. Msimu wa karafuu, karani amechoka na laini imeelemewa, jambo hili haliji mara moja.

Dawa yake ni ya zamani kama hundi. Kila mauzo yapewe namba yake na kompyuta ya dukani kabla hayajatumwa popote, na kila yakitumwa tena yatumwe kwa namba ile ile. Seva ikiona namba iliyokwishapokea, inarudisha jibu la kwanza na haiandiki upya. Hundi namba fulani hailipwi mara mbili hata ukiipeleka benki asubuhi na jioni. Muulize muuzaji wako swali hili kwa maneno haya haya: nikibonyeza mara mbili, seva itajuaje kwamba ni mauzo yale yale? Akianza kuzungumzia uzuri wa rangi za skrini, muage.

Upande wa kodi unataka uangalifu zaidi, kwa kuwa risiti si hiari. Kwa Zanzibar, VAT na kodi nyingine za ndani ziko chini ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni kazi ya TRA. Risiti zimehama kutoka kitabu cha karatasi kwenda mashine, na sasa kutoka mashine kwenda programu. Tanzania Bara ilianza na mashine za kielektroniki za TRA mwaka 2010, kisha ikaja risiti inayotolewa na programu bila ya mashine maalumu, maarufu kwa jina la VFD.

Ndani ya VFD hiyo ya TRA kuna funzo ambalo wanunuzi wa programu wa kwetu wanafaa kulijua. Wakati wa kusajiliwa, programu hupewa msimbo wake. Namba ya uhakiki inayochapwa katika risiti hujengwa kwa msimbo huo ukiunganishwa na hesabu ya risiti, ambayo hupanda moja moja bila ya kuruka. Maana yake ni kwamba programu inaweza kuijua namba ya risiti kabla ya kupata jibu la seva. Risiti inachapwa, mteja anaondoka nayo, na habari zake zinapelekwa laini ikirudi. Mkaguzi naye hapotezi kitu, kwani risiti iliyorukwa itaonekana kama jino lililong'oka.

Kenya wamekwenda njia nyingine. Katika mfumo wao wa eTIMS, mwenye programu yake ya ankara ana njia mbili za kujiunga na mamlaka ya kodi ya KRA. Iko inayofaa kwa biashara iliyo katika mtandao wakati wote, ambayo kila ankara inapita kwenye seva ya mamlaka. Na iko ya kusimika kiungo ndani ya mfumo wa mfanyabiashara mwenyewe, kwa wale wasio na uhakika wa mtandao wa kudumu. Anayechagua njia ya kwanza akiwa katika mji ambao laini inacheza, amejitakia. Jambo la kuvutia ni kwamba serikali yenyewe ilikiri katika muundo wa mfumo kwamba mtandao hukatika.

Kwa hapa kwetu, rai yangu ni kwamba utaratibu wa risiti za wakati laini imekatika uwekwe wazi kama bei ya karafuu inavyowekwa wazi: ubandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kodi, useme mfanyabiashara ana muda gani wa kuzipeleka, na ni ushahidi gani utakaokubaliwa kwamba laini kweli ilikatika. Mfanyabiashara mwaminifu hapaswi kubahatisha katika jambo lenye faini. Na muuzaji wa programu asiruhusiwe kumjibu mteja wake kwa maneno kama "ami, subiri mtandao urudi", kana kwamba duka ni la muuzaji.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema programu inayouza bila ya seva inafungua mlango wa wizi: karani achomoe waya, auze siku nzima, afute foleni, atie fedha mfukoni. Ni kweli, ikiwa foleni inafutika. Foleni ambayo kila mauzo yana namba ya mfululizo haifutiki kimya kimya, kwani namba ikikosekana pengo linabaki. Aidha, karani anayetaka kuiba hahitaji kuchomoa waya. Anauza bila ya kugusa kompyuta kabisa, na wizi huo hauzuiwi na seva yoyote duniani.

Hoja yao ya pili inanifanya nikubaliane nao nusu. Iko miito ambayo haifai kuwekwa foleni. Mkubwa wao ni malipo ya simu na benki. Mteja akisema amelipa, na programu yako haijapata jibu la kampuni ya simu, basi hajalipa, hata akikuonyesha ujumbe katika simu yake. Ujumbe wa kughushi umewaliza wengi. Katika jambo hili programu inatakiwa kusubiri, na isipopata jibu iseme wazi kwamba malipo hayajathibitishwa, ikampa karani nafasi ya kupokea fedha taslimu au kuandika deni. Programu inayochukua kimya cha seva kuwa ni ndiyo, ni hatari kuliko ile inayoganda. Vivyo hivyo kwa mwenye matawi mawili na friji moja iliyobaki: Wete na Chake Chake wote wakiiuza bila ya kuulizana, mmoja ataomba radhi. Kwa sukari na unga hilo halina shida. Kwa friji na pikipiki, bora programu imwambie karani kwamba hesabu ya stoo ni ya saa fulani, naye apige simu.

Kwa kifupi mnunuzi anatakiwa aijue orodha ya miito ya programu yake, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja aulize kama unaweza kungoja. Muuzaji anayeijua kazi yake ataitoa orodha hiyo kwa nusu saa.

Yapo pia maradhi madogo ambayo hayatajwi katika vipeperushi, na kwa kompyuta za mtumba tulizo nazo ndiyo yanayosumbua zaidi. La kwanza ni saa. Mwito wa kwenda kwenye seva hufungwa kwa kufuli la siri, na kufuli hilo lina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo, bapa kama sarafu, inayoiweka saa hai wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamka ikiamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Inatazama cheti cha seva, inaona hakijaanza kutumika, inakataa kuzungumza. Karani analaumu mtandao, fundi anabadilisha ruta, na kumbe ugonjwa ni wa betri ambayo bei yake haifiki ya mlo wa mchana.

La pili ni kufuli lenyewe kuzeeka. Namna za zamani za kufunga mawasiliano ziliachwa rasmi na wataalamu wa intaneti duniani mwaka 2021, na seva nyingi za benki na mamlaka hazizikubali. Kompyuta inayotumia Windows XP haina namna mpya katika mfumo wake. Windows 7 inaweza, lakini programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili yake hazikuwekwa ziitumie. Kwa hiyo inatokea asubuhi moja programu iliyofanya kazi miaka 6 inakataa, na hakuna aliyeigusa. Aliyebadilika ni seva ya mbali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Anayeuziwa kompyuta ya mtumba pamoja na programu kwa bei moja ajue kwamba ananunua vitu viwili vyenye umri tofauti wa kufa.

La tatu ni ufunguo. Duka hutambulishwa kwa seva kwa ufunguo wa siri, yaani mfululizo wa herufi. Baadhi ya mafundi huuandika ufunguo huo ndani ya programu yenyewe, mmoja kwa wateja wote, kwa kuwa ni rahisi. Anayeujua anaweza kutoa mauzo kwa jina lako. Kila duka liwe na ufunguo wake, na uwezekane kubadilishwa siku karani anapoacha kazi.

Nimeacha mwisho daftari la madeni, na si kwa sababu ni dogo. Katika kisiwa hiki biashara ya rejareja kwa sehemu kubwa inategemea kuaminiana mpaka mavuno. Mtu anachukua mchele, mafuta na nguo za sikukuu, na anaandikwa. Daftari lile ni mali kuliko rafu zote. Zamani lilikaa chini ya mto wa mwenye duka. Sasa wauzaji wa programu wanataka likae katika seva yao, kwa maneno matamu kwamba huko ni salama zaidi kuliko moto na mchwa. Usalama huo upo, lakini una masharti. Kampuni ndogo ya programu ikishindwa kulipia seva yake, seva inafungwa na mwenye seva, ambaye hakujui wala hana mkataba na wewe. Siku hiyo utakuwa na wadeni Micheweni mpaka Kengeja na huna hata jina moja mkononi. Ukiwa na bahati, watakaokuja kulipa wenyewe ni wacha Mungu.

Kwa sababu hiyo sharti langu juu ya madeni ni kali kuliko juu ya risiti. Daftari liwe katika kompyuta ya duka, lote, kwa namna inayoweza kufunguliwa hata bila ya programu ile, na seva ipewe nakala. Isiwe kinyume chake. Na kila wiki nakala ichapwe au itiwe katika kidude cha kuhifadhia kinacholala nyumbani, kwa kuwa kompyuta nayo huibiwa.

Tumalizie bei. Programu ya kununuliwa mara moja na programu ya kulipiwa kila mwezi hazilinganishwi kwa kutazama tarakimu ya kwanza. Tuseme moja ni shilingi 900,000 na kwisha, nyingine ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Ya pili inaonekana nafuu mpaka mwezi wa 30, kisha inakuwa ghali kila mwezi unaokuja. Lakini ya kwanza nayo inaita seva, na seva haiendeshwi bure. Muulize muuzaji nani analipia seva hiyo mwaka wa tatu. Kama hana jibu, basi shilingi 900,000 zako ni za mwaka mmoja au miwili tu. Kwa zile za mwezi, mwulize kama yeye mwenyewe anailipia seva yake kwa dola. Kanuni za Machi 2025 hazitaki bei za ndani ya nchi zitajwe kwa fedha za kigeni, lakini haziwezi kuzuia gharama ya muuzaji kupanda pale shilingi inaposhuka, na gharama hiyo itakufikia wewe tu.

Ongeza laini ya pili ya intaneti ya kampuni tofauti na ya kwanza, kwa kuwa mnara mmoja ukilala wa pili huenda uko macho, na betri ya dharura ya kuiweka kompyuta hai kwa robo saa ili foleni isiandikwe nusu. Hivi vyote ukivijumlisha havifikii hasara ya Jumamosi moja ya msimu.

Kabla ya kulipa, mwite muuzaji dukani na wala usiende ofisini kwake. Mwambie auze vitu 10 vya aina mbalimbali. Katikati, chomoa waya wa intaneti bila ya kumwonya, na uzime data. Auze vingine 10, kimoja kwa deni. Zima umeme wa kompyuta ghafla, uwashe. Hesabu kama 20 vipo. Rudisha laini, subiri, kisha fungueni pamoja vitabu vya seva na mhesabu tena: viwe 20, visiwe 19 wala 21. Halafu mwambie akutolee daftari la madeni katika karatasi, pale pale, akiwa hana intaneti. Malipo ya mwanzo yatoke baada ya hapo, na yaliyobaki yakae mpaka programu imalize msimu mmoja wa karafuu kaunta.